Kuanzia Jumatatu, Mama Yupo Hayupo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, katibu muhtasi wa ofisi yetu ya maji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema ni miaka thelathini na mmoja bila kuchelewa hata siku moja. Aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni: mara tatu, na moja kati ya hizo ni uvivu tu. Basi ndugu wafanyakazi, mjue kwamba karibu yote mtakayosoma hapa yamepita mikononi mwake.

Sote tunamwita Mama Yupo. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, pale mkurugenzi wa wakati huo alipomwagiza kwamba wakija watu wa malalamiko aseme mkubwa hayupo. Mama alimjibu kwa heshima zote kuwa barua atachapa na chai atachemsha, ila neno hilo halitamtoka mdomoni wakati mwenyewe yuko nyuma ya ukuta anakohoa. Mgeni wa kwanza alipofika akaambiwa kwamba mkubwa yupo, lakini leo hataki kuonana na watu. Loo! Siku hiyo palichafuka.

Haikuwezekana kumfukuza, maana ndiye pekee aliyejua faili gani liko wapi. Mkurugenzi wa pili, mtu wa akili nyingi, akatoboa mlango wa nyuma. Mgeni msumbufu akionekana getini, yeye huchomoka na kwenda kusimama nyuma ya tangi la maji, ili katibu wake aseme ametoka na dhamiri isimsute. Mama akasema kweli ametoka. Akaongeza kwamba yuko nyuma ya tangi, pitia kushoto, kuna kivuli.

Tulimcheka sana. Tulimwona mshika dini asiyejua kuishi na watu. Siku moja nilimuuliza kama haogopi kupoteza kazi, akanieleza kwamba amri za Mungu hazishiki kwa woga. Anazishika kama alivyozitunza barua za marehemu mumewe alipokuwa kazini mbali: hakuna askari aliyemlazimisha, ila zilitoka kwa mtu aliyempenda. Nikaitikia haya, Mama, nikarudi zangu kwenye kompyuta.

Halafu akaenda likizo ya wiki mbili, nami nikakalia kiti chake. Nilisema hayupo asubuhi, nikasema hayupo mchana, na mkurugenzi akanisifu mbele ya watu kwamba mapokezi sasa yana utulivu. Miongoni mwa niliowarudisha ni fundi seremala mzee aliyekuja mara nne. Bomba la mtaani kwake lilikuwa kavu, na mkewe alikuwa amelala kitandani, hajiwezi.

Mama aliporudi, mzee akaja mara ya tano. Mama aliniuliza kitu kimoja tu, nilimwambia nini yule baba. Nikamwambia. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia! Aliinuka, akampa mzee kiti chake mwenyewe, akamwomba msamaha kwa niaba ya ofisi nzima kana kwamba kosa ni lake. Kisha akamshika mkono, akamwingiza kwa mkurugenzi bila kubisha hodi. Mafundi walikwenda mchana uleule. Jumamosi Mama alikwenda nyumbani kwa mzee kumfulia mgonjwa, akanikuta nimetangulia na ndoo mbili, akanipa sabuni tu.

Kipande hicho cha habari ya sabuni alikikata kwa kalamu nyekundu. Nimekirudisha. Anisamehe.

Utani mbali sasa. Jumatatu kiti kile ni changu. Mkurugenzi wetu mpendwa, ambaye leo ndiye mgeni rasmi wa hafla hii ya kumuaga Mama, alishaniita, akafunga mlango, akanieleza kwamba umefika wakati wa kuwa na mapokezi yenye busara. Nina mkataba wa mwaka mmoja na watoto watatu wa shule, kwa hiyo niliitikia kwa kichwa. 

Mama, asante kwa kila faili, kwa kila kiti ulichompisha mgeni, na kwa siku ile ambayo hukunikaripia. Nenda salama, ukafurahi na wajukuu wako, na Mungu unayempenda akuzidishie afya na miaka.

Jumatatu simu ya kwanza itakuwa ya kukuulizia wewe. Nitasema hayupo, na kwa mara ya kwanza nitakuwa nimesema kweli, ingawa itaniuma. Simu ya pili itakuwa ya kumuulizia mkubwa. Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba radhi mapema mbele ya wafanyakazi wote: kiti nimeshakuwekea kule nyuma ya tangi, upande wa kushoto, penye kivuli.