Waziri Hapiti Geti Dogo

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kilichovunjika, umelazwa juu ya matofali mkabala na geti dogo la nyuma la chuo kikuu, na anayekaa nchani asithubutu kunyanyuka ghafla, la sivyo wenzake watajikuta chini na kahawa mapajani. Hapo Shangazi huuza kahawa, Soli hushona viatu kwa sindano na cherehani, Nakala ana kibanda chake cha fotokopi, na Kamanda, mlinzi mstaafu, hana kazi yoyote isipokuwa kumsimamia kijana aliyemrithi pale getini. Asubuhi hiyo hakuna aliyefanya la maana. Ndani ya chuo baraza lilikuwa linakaa kupandisha ada, na kiti pekee cha serikali ya wanafunzi kwenye baraza hilo kilikuwa cha binti yake Soli, Waziri wa Mikopo. Mwakilishi wa wanafunzi akipinga, jambo linaahirishwa hadi muhula ujao. Ndivyo kanuni zao zinavyosema. Basi Soli alikuwa amekipakata kiatu cha mteja tangu alfajiri, na sindano hajaigusa.

— Saa hizi kashaketi, — alisema Soli. — Nimempigilia vyuma visiginoni. Akitembea ni ko, ko, ko. Nataka wale wakubwa wamsikie kabla hawajamwona.

— Na geti kubwa je? — Kamanda alijipiga kifua. — Nani aliyesema apite geti kubwa? Si mimi? Waziri mzima apenye hapa, pa paka na wauza karanga? Haiwezekani!

— Tulisema wote, bwana. Hata alitaka kuja huku, nikamshika mkono mwenyewe. Nikamwambia mwanangu, leo unapita mbele.

Shangazi alimimina kahawa bila kuinua macho.

— Mbona hakuonekana kufurahi?

— Woga wa mkutano tu huo, — alisema Soli. — Utamtoka.

Nakala alijiweka sawa. Huyu aliacha chuo akiwa amebakiza mwaka mmoja, ndiyo maana hakuna asilolijua.

— Nyie mnajua ada inapanda kwa nini? Ni rangi. Kila mwaka wanapaka ukuta uleule, rangi ileile.

— Rangi gani wewe! — Kamanda alimkatiza. — Nimelinda humo hadi nikaota mvi. Ni zile nyasi za mbele ya ofisi kuu. Zinakunywa maji kuliko mabweni yote. Mtoto anaoga kikombe, nyasi zinaoga pipa.

— Haya, basi nyasi. Lakini tazama mbele kidogo. Ada ikipanda, wanafunzi wanapungua. Wanafunzi wakipungua, walimu wa nini? Walimu wakiondoka, kelele zimekwisha. Wanabaki wakubwa na nyasi zao, kimya, raha mustarehe.

— Sasa hicho kitakuwa chuo cha nani?

— Cha ng'ombe!

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, hakikufika mbali.

— Na mkopo je? — aliuliza Shangazi. — Si walisema ada ikipanda na mkopo utapanda?

— Utapanda, — alisema Kamanda. — Ila ada inapanda kwa lifti, mkopo unapanda kwa ngazi. Na ngazi yenyewe wameing'oa katikati.

Ndipo Soli akasikia ko, ko, ko. Alivitambua vyuma vyake kabla hajageuka. Binti yake alikuwa anakuja mbio kando ya uzio, akitokea upande wa geti kubwa, sketi ameikamata kwa mkono mmoja, jasho linamchuruzika. Binti huyu hajawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo, hata akiwa na haraka vipi. Leo aliwapita wote wanne kama hawapo. Kijana wa geti dogo akasogea pembeni bila kuuliza neno, na binti akatokomea ndani.

— Ala! — alisema Soli.

— Kaa, kaa, usitumwagie kahawa! — Kamanda alimshika bega. — Huo ni ujanja wa kivita, bwana. Unaingia mbele wakuone, unatoka, unaingia tena nyuma. Wakigeuka hawajui mko wangapi.

— Acha vita vyako, — alisema Nakala, macho yanang'aa. — Kashawavuruga! Wameomba mapumziko, koo zimewakauka. Yeye katoka kuonana na wenzake, sasa anarudi na masharti. Nakuambieni, ada haipandi. Inashuka! Inarudi ile ya wakati wangu. Nami narudi darasani nimalizie mwaka wangu, mtaniona na begi mgongoni.

— Watampa uwaziri wa kweli huyo, — Kamanda aliongeza. — Gari, dereva, bendera. Soli, utakuja kututembelea?

— Nitakuja, — alisema Soli, na wala hakuwa anatania. Tangu alfajiri alikuwa na wasiwasi, sasa ukamtoka. Alijiona kabisa akimvalisha binti yake joho, mama mtu, marehemu, akiwa hayupo kuona, na yeye analia mbele za watu bila haya.

— Mbona yule kijana hakumuuliza kitambulisho? — aliuliza Shangazi.

— Heshima hiyo, — alijibu Kamanda. — Waziri haulizwi.

Hawakukaa sana binti akatoka. Safari hii hakukuwa na ko wala ko, viatu alikuwa amevishika mkononi. Alifika, akawaamkia mmoja mmoja, akaketi nchani mwa ubao.

— Vipi, mwanangu?

— Wamepitisha, baba.

— Kwani hukupinga?

— Nimekuta wanakusanya vikombe.

Soli alikiweka chini kile kiatu cha mteja.

— Pale geti kubwa kuna mashine, — alisema binti. — Kadi yangu imefungwa. Mkopo haujaingia, kwa hiyo ada haijalipwa, kwa hiyo kadi inafungwa. Mashine inasema mimi si mwanafunzi. Nimewabembeleza walinzi pale mpaka nimechoka, ndiyo nikakimbia kuzunguka huku.

— Imefungwa tangu lini?

— Tangu muhula uanze. Huwa napita hapa. Huyu kaka ananihurumia.

— Na rais wenu? Na katibu?

— Wote wamefungiwa. Rais karudi kwao analima. Nilipewa kile kiti kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na pa kupenyea.

Kamanda aliinamisha kichwa, akawa anachimba mchanga kwa ncha ya kiatu.

— Sasa kwa nini hukuniambia? — aliuliza Soli.

— Ungeuza cherehani, baba.

Kweli angeiuza, tena siku ileile, na kesho yake wasingekuwa na cha kula.

— Mwenyekiti alikuwa anasimama, — binti aliendelea. — Kasema mwakilishi wa wanafunzi hakutokea, maana yake wanafunzi hawana pingamizi. Nikasema niko hapa, napinga. Akaniangalia, akaniuliza nimeingiaje.

— Ukamjibuje?

— Ningemjibu nini? Nimtaje yule kaka, afukuzwe kazi?

Soli aliutazama mkono wake wa kulia, ule wenye sugu za uzi.

— Ulikuwa unakuja huku, — alisema. — Ulikuwa unakuja mwenyewe, mimi nikakushika mkono.

— Usiseme hivyo, baba.

— Nikakugeuza.

Binti alimlalia begani. Nakala alikohoa. Mtu huyu hawezi kuvumilia kimya.

— Lakini bado... tunaweza... Serikali si ile ile? Hata ikikaa nje. Ikae hapa hapa benchini, nitawapa karatasi, mimi... — Halafu maneno yakamwishia, na hiyo haikuwahi kutokea pale kijiweni.

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha binti. Lilitoa matone mawili na machicha.

— Imekwisha, — alisema. — Nisamehe, mama.

Ndipo akatokea msichana mmoja, godoro jipya limekunjwa kichwani, bado liko kwenye nailoni yake, begi linamvuta bega moja. Wa mwaka wa kwanza huyu, ukimwona tu unajua. Alilitua godoro, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahanini, wazee wangu. Mkopo wangu haujafika, na huko mbele wamenirudisha. Wameniambia shida kama hizi zinapelekwa serikali ya wanafunzi, watanisemea. — Alipangusa uso. — Iko wapi?

Nakala aligeukia kibanda chake. Kamanda aliangalia uzio. Waziri aliinamia viatu vyake.

— Au nimepotea? — aliuliza msichana.

Soli alinyoosha mkono akavichukua viatu vya binti yake, akakiweka kimoja juu ya goti, akatafuta koleo, na akaanza kung'oa vyuma. Cha kwanza kilimsumbua sana, maana alikuwa amekipigilia vizuri.