Mzee Upepo, Fundi Wetu wa Breki, Anaaga Karakana

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya mabasi, fundi mkuu wa breki anavua ovaroli na kustaafu. Jina lake limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mzee Upepo, kwa kuwa hakuna kazi aliyoipenda kama kutoa upepo kwenye breki. Utani wetu ni kwamba hata taa ikigoma kuwaka, yeye atasema gari lina upepo.

Alianza kwa kuosha magurudumu, akapanda kwa jasho lake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila hakuyumbishwa. Dereva mmoja mwenye haraka alipomfokea kwa kumcheleweshea basi, mzee alitia ufunguo mfukoni akaenda zake kunywa chai. "Kasirika," alimwambia, "lakini kasirika ukiwa hai." Dereva huyo leo ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya kumuaga.

Nyumbani ana gari lake kuukuu, lililopauka rangi, ambalo hakuna fundi mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Kutoa upepo kunataka watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine awe chini kwenye gurudumu, alegeze nati ili hewa itoke pamoja na oili. Aliyekanyaga siku zote alikuwa mkewe, mshonaji, aliyekaa kwenye usukani na shati la mteja mapajani, akishona vifungo huku akingoja amri. Majirani waliwasikia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Bado!"

"Kwani mguu ni wangu au wako?"

Kisha kicheko.

Mwaka jana mama huyo aliugua, asiinuke tena. Gari lilikuwa juu ya mawe, limefungwa mpira mpya wa breki, upepo haujatolewa. Likabaki vivyo hivyo. Baada ya msiba mzee alirudi kazini, akatengeneza breki za watu wote, lakini yeye alikuja na kurudi kwa miguu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Aliyemuuguza marehemu ni dada yake mkubwa, ambaye alibaki pale kumwangalia shemeji yake. Mama alikuwa amemwomba mumewe jambo moja: dada akitaka kurudi kwake, ampeleke mwenyewe, asimpakie kwenye gari la watu. Mwezi uliopita dada akasema sasa anataka kwenda. Mzee akaja dirishani kwangu, mimi mtunza stoo, akanunua oili ya breki. Akaniuliza kama Jumamosi nina kazi.

Nilipoingia garini nilishika kiti nikisogeze nyuma.

"Kiache," akasema.

Kilikuwa bado kimewekwa kwa miguu mifupi ya mkewe. Nikakaa magoti yamegota usukani, mguu ukawa unateleza, kazi haiendi. Ndipo dada mtu akatoka jikoni akifuta mikono.

"Toka mwanangu, nikae mimi."

Kiti kilimtosha sawasawa.

"Kanyaga," mzee akasema kutoka chini.

"Nimekanyaga."

Sauti ilikuwa ile ile. Mzee alilala ubavu, spana mkononi, asilegeze nati. Mabega yakaanza kumtikisika. Dada mtu alimwona kwenye kioo cha pembeni. Hakuondoa mguu. Alishikilia tu, machozi yakimtiririka, mpaka mzee alipopata nguvu ya kugeuza spana na mapovu yakaanza kushuka kwenye chupa ya kukingia oili.

Walimaliza magurudumu yote manne. Wiki iliyofuata mzee alimfikisha shemeji yake hadi mlangoni kwake, kisha akageuza gari, akarudi peke yake kwenye nyumba isiyo na mtu.

Mzee wetu, tunaujua ukimya wa nyumba hiyo, ndiyo maana tunaona haya kukuambia nenda kapumzike. Tunakushukuru kwa abiria wote waliofika kwao salama bila kukujua. Tunakushukuru kwa subira yako, na kwa ukali wako pia. Tunakuombea usingizi mwema na siku zisizo nzito sana. Nyumba ikikuelemea, njoo ukae nasi hata kama huna la kusema. Usipokuja, tutakuja sisi. Uishi kwa amani, baba.