Zakaria Bigirindavyi na Kimya cha Raisa

Amahoro kwenu ndugu, majirani, na nyinyi mliokuja kuhakikisha kwamba safari hii kinanda kimenyamaza kweli.

Zakaria Bigirindavyi alizaliwa Minago tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mama aliyeuza mihogo. Mwaka 1972, mauaji yalipopamba moto, mama yake alimvusha ziwa hadi Kigoma. Baba alibaki, na hakuonekana tena.

Huko Kigoma alimaliza darasa la saba. Sekondari aliiacha mwenyewe, akidai kinanda cha kanisa kinafundisha vizuri kuliko mwalimu wa hesabu. Paroko alimtoa kwenye kwaya baada ya wimbo wa sadaka kufika dakika kumi na nne. Waumini walikuwa wamekwisha kutoa, wengine wamekwisha kulala.

Alifunga ndoa na Ernestina tarehe 10 Agosti 1991. Mwaka 2004 walirudi nyumbani, akafungua kinu cha mawese Kigwena. Ndani ya banda la kinu akaanzisha Orkestra Progresi, bendi ya roki ya nyimbo ndefu, zile zinazobadilisha mapigo mara tano kabla bibi harusi hajafika kwenye kiti. Umeme waliupata kwenye mota ya dizeli ya kinu. Mota ile ilinguruma kwa sauti moja kutwa nzima, na bendi yote ikawa inakaza nyuzi kuifuata. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wa Gatete, jirani na hapo, waliamini roki ndivyo inavyonguruma, na inavyonuka.

Mwaka 2023 mpiga gitaa wao alihama, akaletwa Raisa kutoka Buyenzi, Bujumbura. Siku ya kwanza alisikiliza kidogo, akainuka, akazima mota.

"We mutoto, iko nini?" Zakaria akauliza.

"Iko kelele, Mzee Zaka. Nimekuja na betri ya sola. Tupige, halafu tuache. Tupige, tuache."

Raisa alilegeza nyuzi mpaka zikashuka chini kabisa. Alipiga nota moja, akaiacha ife yenyewe, ndipo Hadji, mpiga ngoma, aliporuhusiwa kurudi. Nyimbo zilizokuwa zikikimbia kama pikipiki zikaanza kutembea kama mtu anayefuatwa. Harusini watu waliacha kucheza, wakabaki kutazamana. Mialiko ikaongezeka, msituulize kwa nini.

Lakini ndani ya kile kimya palikuwa na kitu. Mluzi mwembamba, unakuja, unakwenda. Hadji alikagua spika, akakagua nyaya, akawalaumu panya. Raisa akamtazama Zakaria kifuani.

"Mzee, ni wewe. Ni pumzi yako hiyo. Nenda hopitali."

"Nikienda mutapiga bila mimi. Jaza hapo nota, ufunike."

"Hiyo siwezi kufunika."

Hakwenda. Alijifunza kubana pumzi kila gitaa liliponyamaza. Raisa alipogundua, akarefusha kimya ili amshinde, asalimu amri, atibiwe. Zakaria naye akabana zaidi. Hivyo ndivyo walivyopata ule mlio ambao watu wa mji wa Rumonge wanausifu: wawili wakishindana, na wengine wote wakingoja.

Januari 2025, harusini Gatete, Zakaria alianguka juu ya kinanda. Wageni walipiga makofi, wakidhani ndio mwisho wa wimbo.

Daktari alisema moshi wa mota ulikuwa umeyala mapafu kwa miaka mingi, na kwamba wamechelewa. Raisa alikwenda kumwona, akalia. Zakaria akamwambia, "Acha hiyo. Munapiga Jumamosi?" Raisa akajibu kwamba wanapiga. "Bila mimi?" "Bila wewe, Mzee Zaka." Aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Basi kile kimya usikifupishe."

Alifariki nyumbani Kigwena tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ernestina.

Ameacha mjane, Ernestina. Watoto wawili, Nadia na Bernardo. Wajukuu, na bendi. Kinu anakiendesha Bernardo, kwa mota ile ile. Jana, hapa msibani, Raisa aliwasimamisha Bernardo na Hadji mbele yake, akawaambia watu wote wanyamaze, akasikiliza pumzi zao. Alisikiliza muda mrefu. Alikwenda kumnong'oneza Ernestina, na Ernestina ameshakodi gari la kuwapeleka hospitali Jumatatu, wapende wasipende.

Mungu ampokee Zakaria wetu, ampe pumziko refu lisilo na haraka.