Makofi ya Tone la Kwanza

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali, madaktari na wauguzi, familia ya daktari wetu, nanyi ndugu zangu mliobanana hadi kwenye ngazi: kila mmoja ajihesabu amesalimiwa kwa heshima yake. Mmenipa nafasi nimuage daktari anayestaafu leo, nami nina ombi moja: msipige makofi mpaka niwaambie. Ndiyo desturi ya chumba chake cha upasuaji, na mtaielewa sasa hivi.

Mimi ni mwalimu wa historia, kazi yangu kuuliza nani alianza vita. Figo zangu zilipokufa zote mbili, dada yangu mkubwa, yule pale mwenye kilemba cha kijani, alitaka kunipa yake moja. Nikakataa. Akaniambia, “Nyamaza wewe! Nimekubeba mgongoni, leo nishindwe na figo?”

Yaliyotokea nikipandikizwa figo yake, mimi usingizini, alinisimulia muuguzi mkuu. Daktari alifungua kibano kilichozuia damu, damu ikaingia, na ile figo iliyopauka ikaiva rangi. Daktari mmoja mgeni akapiga makofi. “Bado,” daktari wetu akamkatiza. “Hapa tunalipigia makofi tone la kwanza la mkojo. Damu ikirudi ndipo hatari inapoanza.”

Tone halikuja. Siku hiyo halikuja, wala kesho yake. Dada akawa anajikongoja hadi kitandani kwangu: “Figo yangu imeamka?” Niliogopa, jamani. Je, zawadi ile ingenifia mimi mikononi?

Nikamuuliza daktari: inakuwaje damu iliyosubiriwa kwa hamu ndiyo iumize? Akavuta kiti. Seli zilizokosa hewa, alisema, zikiipata ghafla hutoa sumu inayoziunguza zenyewe. Zinazopasuka humwaga kemikali, na kemikali hizo ndizo yowe. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili, zikilisikia hufika na marungu, mwizi hazimwoni, basi zinampiga mwenye nyumba.

“Na yowe la kwanza hulipiga nani?” nikauliza.

Uso wake ukachangamka. “Hapo ndipo umenishika, Mwalimu! Tukimjua, tutamziba mdomo kabla ya kufungua kibano.”

Tukazungumza mpaka nikasahau kuogopa. Kumbe naye alikuwa akitafuta aliyeanza vita.

Asubuhi moja muuguzi akainama kutazama mfuko wangu wa mkojo, akapiga kelele, “Tone!” Wodi nzima ikalipuka kwa makofi. Dada akalia huku akicheka: “Tangu lini mkojo ukashangiliwa?”

Juzi nimemuuliza daktari kama amempata mpiga yowe. Mnalijua jibu lake: “Bado.” Kisu anakikabidhi leo, lakini swali anaondoka nalo. Mheshimiwa mwenyekiti, nakusihi, ufunguo wa maabara yake ya utafiti usimnyang'anye. Kuna mtu kitandani hivi sasa anayesubiri tone, na kuna dada yake mlangoni.

Daktari, dada yangu, simameni tuwaone. Ndugu zangu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kuizuia mikono yenu muda wote huu. Nawajulisha kwamba hata asubuhi ya leo, kwenye figo ya dada yangu, tone limetoka.

Haya, pigeni makofi.