Ishaka Dadi na Mchezo Alioufunga

Assalaam aleikum wazee wetu, akina mama mlioko ndani, na nyinyi vijana mliotoka mbali kwa ajili ya mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwenye simu tu. Karatasi hii imeandikwa na familia, na anayeisoma ni kaka wa marehemu, Sadallah, aliyepika miaka kumi na tisa kwenye meli za mizigo, akaziona bandari nyingi za dunia, akarudi na kitambi na tabia ya kutoa ushauri kwa mambo asiyoyajua, na ushauri wake mmoja utatajwa mbele, mtuvumilie.

Ishaka Dadi Mwinyimvua alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1981, hapa Dunda, Bagamoyo, kitinda mimba wa Mzee Dadi Mwinyimvua na Bi. Mardhiya. Alisoma shule ya msingi hapa hapa mjini kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha sekondari Lugoba, 1996 hadi 1999, ambako aliyajua mabasi ya Segera kwa honi kabla hayajatokea kwenye kona, na mwaka 2003 akapata stashahada ya kompyuta Dar es Salaam, akafungua kibanda cha kutengeneza simu Mapinga.

Tarehe 7 Machi 2009 alifunga ndoa na Bi. Nasrin Abuu, wakajaliwa watoto wawili, Adila na Muhammad.

Tarehe 2 Februari 2018 alitoa mchezo wa simu alioutengeneza mwenyewe kwa miaka minne, akauita Njia ya Pwani, ambamo mchezaji huendesha basi kutoka Dar kupitia Mapinga hadi Bagamoyo. Basi lilikuwa zuri, ila abiria wake walipanda kimya kama magunia. Wachezaji wakaanza kuongeza vya kwao, huyu rangi za basi, yule kituo cha kijijini kwao, na Bi. Zaina, fundi cherehani wa Lugoba, akaongeza shikamoo: mzee akipanda na dereva asimwamkie, mzee yule hashuki kituoni kwake, anabaki kitini akinung'unika hadi mwisho wa safari. Watu walicheka, wakaambizana, wachezaji wakafika elfu sitini, na wengi wao Bagamoyo hawajaikanyaga.

Mwaka 2020 Ishaka alimpigia simu kaka yake, akamuuliza awaache watu hao waendelee kuongeza vya kwao au awazuie. Sadallah, ambaye hadi leo hawezi kuufungua mchezo huo bila kumwita Adila, alijibu kwa sauti ya mtu aliyetembea, "Jikoni kwangu haingii mtu na chumvi yake. Funga, mdogo wangu." Tarehe 5 Julai viongezo vyote vikafutwa, shikamoo ikiwemo, na hadi mwisho wa mwaka uliofuata wachezaji waliobaki hawakufika elfu nne. Bi. Nasrin alimlilia Sadallah kwenye simu, "Shemeji, wale si wezi, walikuwa wanamjengea mchezo wake! Mimi hanisikii, anasema kaka ameshasema. Neno lako moja tu." Sadallah akaahidi kumwambia akirudi, akarudi likizo mara tatu, na mara zote tatu akala, akasifu pilau, akaondoka. Sentensi hiyo aliomba ifutwe, shemeji yake akakataa, na ana haki.

Aprili 2023 marehemu alianza kuugua figo, akawa anapelekwa Dar kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Agosti mwaka huu Sadallah aliketi kando ya kitanda chake akasema, "Ishaka, nilikosea. Mimi ni mpishi tu." Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama, akasema, "Miaka mitano, kaka! Hata kubipu?" Tarehe 30 Agosti akaufungua mchezo, kila mtu aongeze chake, ila uwezo wa kufuta akabaki nao peke yake, kwa neno la siri ambalo hakumwambia mtu. Alifariki Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, baada ya alfajiri, tukamzika siku hiyo hiyo alasiri. Neno lile tumelijaribu kwa majina ya watoto, ya mabasi, hata ya mbuzi wake, halikubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dunda waliobeba maji na kuni, mafundi wenzake wa Mapinga, na Bi. Zaina, aliyefika jana. Adila ametuonyesha alichokiongeza mama huyu: tangu jana, kila basi la mchezo likifika kona ya kuingia kwetu, muziki wake unapungua wenyewe mpaka lipite, kama madereva wetu wanavyofanya penye msiba. Hakuomba ruhusa kwa mtu, na wa kukifuta hayupo.

Ishaka, mdogo wetu, Mola akusamehe na atusamehe tuliokuchelewesha. Mlango uliouacha wazi hakuna awezaye kuufunga, hata kaka yako. Pumzika kwa amani, mabasi yanapita taratibu.