Ufunguo wa Randa Hauzikwi

Marehemu kaka yetu, fundi seremala mliyemzoea kwa jina la Randa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa mshona viatu. Shule aliishia darasa la saba. Hesabu alizipenda, viatu hakuvitaka hata kwa dawa, na baba ndiye aliyevishona!

Mwaka 1984 alimjeruhi mtu kwenye ugomvi, akafungwa miaka kumi na mmoja. Hatulifichi, maana mwenyewe hakulificha. Useremala aliujifunza humo humo gerezani.

Siku aliyorudi, mama alimwambia akaoge. Akaenda, akasimama mbele ya mlango wa bafu. Mimi mdogo wake nikamwuliza, "Kaka, vipi tena?"

"Nasubiri nifunguliwe," akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kujifungulia mlango. Nililia. Yeye alicheka kwanza, kisha akalia pia.

Alitafuta kazi hadi akachoka; akitaja gereza tu, anaambiwa nafasi imeshajaa. Mwaka 1998 akaoa, na mwaka uleule akafungua karakana yake ya milango. Kila aliyetoka gerezani akabisha hodi pale alipewa kazi, pa kulala, na siku hiyohiyo ufunguo wa karakana. Mwenye jengo alikuja juu: "Unampa mwizi ufunguo?"

"Nampa seremala."

Kweli, mmoja alitoroka na msumeno mpya. Aliyemfuata akapewa ufunguo vilevile. Kaka alikuwa na kichwa kigumu, jamani, tusidanganyane.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka jana. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni, mkewe akiwa amemshika mkono. Mimi aliniambia, "Wasije wakakuta pamefungwa."

Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi, na mafundi wake waliolichonga jeneza hili. Wapo waliotaka azikwe na ufunguo wake. Nimekataa. Mwenye jengo, ambaye jana ulishaanza kuulizia jengo lako, nakuona hapo nyuma: kodi utalipwa, na karakana haifungwi. Jumatatu asubuhi kuna mtu anatoka gerezani, na ufunguo huu ni wake.

Pumzika kwa amani, kaka. Mlango tutafungua sisi.