Filimbi Niliyogoma Kuipuliza

Mwadila, ndugu zangu. Wale mliosimama pale mlangoni, ingieni mkae, huku mbele nafasi ipo. Msizibe mlango. Nikiona mlango umezibwa na watu mate yananikauka, na sababu yake ndiyo niliyoitiwa kuisema.

Nyie wageni wa msimu hamnifahamu. Mimi nyumbani ni Zagayu, lakini watoto wangu wamekulia hapa hapa Bariadi, na vumbi la jineri hii ya kuchambua pamba nimelimeza miaka mingi. Kazi yangu ni kusimama kwenye rundo la pamba mbegu kabla haijanyonywa na bomba kwenda kwenye mashine. Natoa mawe, natoa vyuma. Maana kuna wakulima wanaotia mchanga na mawe kwenye pamba ili ipate uzito kwenye mzani. Msicheke, wengine ni shemeji zenu. Marehemu baba yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo, na aliyekuwa anamwokotea mawe ni mimi. Sasa jiwe au chuma kikifika kwenye misumeno ya mashine kinatoa cheche, na pamba haihitaji kubembelezwa ili iwake.

Sitamtaja mtu jina. Nitasema "mwenzangu" tu. Na nyie mnaogeuka kumtazama, acheni hizo.

Mwenzangu nilimleta mimi. Alitoka Nkoma na mfuko mmoja wa nguo, mume kamtelekeza, akafikia kwangu kwa kuwa sote ni wa Itilima. Alilala kwenye mkeka wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kitambaa puani, na kutambua jiwe kwa mkono likiwa limejificha ndani ya pamba iliyoloa. Alikuwa ananiita mayu, yaani mama, ingawa sijamzidi miaka mingi hivyo, na mimi nilipenda.

Siku tulipochagua viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, nilikuja na kitenge kipya. Nawaambia ukweli, nilishajiandaa hadi maneno ya kushukuru. Jina likatajwa. La kwake. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, ningefanyaje? Lakini kifuani nilisikia pilipili.

Toka hapo kila alichofanya kiliniwasha. Mlango wa pembeni ulikuwa unafungwa kwa kufuli, eti pamba isiibwe. Akasema kazi ikiendelea kufuli litoke. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imefungiwa ofisini kwa meneja kama vyombo vya wageni. Akataka itundikwe ukutani tunapofanyia kazi. Walienda na kurudi, yeye na wenzake wa chama, mpaka mambo hayo yakaandikwa kwenye mkataba wa hali bora. Humo wakaweka pia kwamba kila rundo litakuwa na mtu wa filimbi. Ikilia, fundi anasimamisha mashine hapo hapo, na aliyepuliza hagombezwi hata kama ameona vibaya. Menejimenti ikaahidi na sumaku ya kunasa vyuma kwenye bomba, ila hiyo ikabaki ahadi.

Filimbi ya rundo letu akanipa mimi. "Mayu, humu ndani hakuna mwenye jicho kama lako."

Mwingine angefurahi. Mimi nilisema moyoni, huyu leo ananigawia kazi, mimi niliyemgawia mkeka! Filimbi nikaivaa shingoni na kuificha ndani ya blauzi. Siku ya mafunzo ya moto nikasingizia homa. Ule mlango wa pembeni nikauita mlango wa malkia, na wapo waliocheka na mimi, mpo humu, msijifiche. Mume wangu aliposema "yule dada ametusaidia sana," nilimwekea ugali bila mboga.

Ikafika siku yenyewe, mchana kwenye saa tisa. Mashine zinanguruma, mimi nipo kwenye rundo. Mwenzangu amesimama ng'ambo na wageni wa chama kutoka makao makuu. Anawaonyesha kitu kwa mkono, wao wanaandika. Nikawa namtazama yeye badala ya pamba. Jinsi alivyosimama! Kiatu chenyewe alichovaa nilimsindikiza mimi kukinunua.

Niliporudisha macho nikaona boliti ya plau inateremka na pamba kuelekea kwenye bomba. Jicho lile alilolisifu, liliiona. Nikanyoosha mkono, ikanikwepa, ikanyonywa. Ndugu zangu, nawaambia, bado nilikuwa na nafasi. Filimbi ilikuwa hapa, juu ya moyo. Lakini nikawaza, nikipuliza mashine itasimama, na wale wageni watasema tazama utaratibu wake unavyofanya kazi. Watamsifu yeye. Nikafunga mdomo.

Chuma kikalia ndani ya mashine, mara moja tu. Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye chumba cha kushindilia marobota.

Moto wa pamba hauna makelele, unatambaa juu ya nyuzi na mtu anautazama tu. Waliokwenda mafunzo walikimbilia mitungi. Mimi mwenye homa ya uongo nilivua kitenge nikaingia kuupiga nacho. Aliyefunzwa anajua kwamba ukipiga moto wa pamba kwa nguo unausambaza. Kitenge kikashika, na mkono huu nao ukashika. Moshi ukanifunga macho, sikujua tena mbele wala nyuma. Nikapapasa ukuta huku nakohoa, nikasukuma kitu, kikafunguka, nikaangukia nje kwenye jua. Kugeuka, ni mlango wa malkia. Ungekuwa na kufuli lake la zamani, leo msingekuwa mnanisikiliza.

Hakufa mtu. Moto ulizimwa, marobota yakatolewa nje yakakaa peke yake uwanjani siku kadhaa, kwa sababu cheche huweza kujificha katikati ya robota na kuamka baadaye.

Ikabaki kutafuta mwenye kosa. Menejimenti ikamshika fundi mitambo, ikasema amezembea, akaitwa kikao cha nidhamu na barua ya kufukuzwa ikawa kama tayari. Baba wa watu, mpole, hata nzi hamgombezi. Mwenzangu ndiye angemtetea kwa niaba ya chama, na mimi nikaitwa shahidi. Na hapa mnisamehe, maana nilifurahi. Nilisema akishindwa kesi hii tutaona kama watamchagua tena. Fundi na watoto wake hata sikuwawaza.

Siku moja kabla ya kikao akaja nyumbani. Akafua nguo zangu zote, akasonga ugali, akanifungua bendeji akanisafisha kidonda polepole huku anakipuliza.

"Mayu, mkono unaendeleaje?"

"Mhola duhu," nikamjibu kwamba salama tu, bila kumtazama.

"Kesho watakuuliza habari ya filimbi. Usiogope. Mimi nimeshawaambia ulipuliza, kelele za mashine ndizo zilizoimeza."

"Nani kakwambia nilipuliza?"

Akanishangaa. "Nani aniambie? Si nakujua? Wewe ndiye uliyenifundisha kuliogopa jiwe."

Alipoondoka niliusukuma ugali pembeni. Alikuwa ameniwekea uongo mezani bila yeye kujua kwamba ni uongo, nami kazi yangu ni kuumeza tu. Ila nilipouangalia vizuri nikaona unamuua mtu. Kama filimbi ililia, fundi ataulizwa mbona hakusimamisha mashine. Mimi napona, yeye anaondoka.

Kesho yake meneja akaniuliza, "Ulipuliza filimbi?"

"Sikupuliza."

"Hukuiona hiyo boliti?"

"Niliiona."

"Sasa kwa nini?"

Nikamtazama mwenzangu, nikasema, "Kwa sababu yake. Nilimwonea wivu."

Afisa utumishi akaweka kalamu chini. Mwenzangu alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. Meneja akasema basi mwenye kosa amepatikana, fundi arudi kazini na huyu mama afukuzwe. Mwenzangu akaomba atoke nje kidogo. Nilijua nimekwisha.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akasimama, hakuniangalia.

"Fundi hana kosa, filimbi haikulia," akasema. "Huyu ana kosa, amelisema mwenyewe, aadhibiwe. Lakini naomba tuoneshwe sumaku. Mkataba wa hali bora unasema bomba litakuwa na sumaku kabla msimu haujaanza. Binadamu anaweza kununa, anaweza kuumwa, anaweza kuwaza ya nyumbani kwake. Sumaku hainuni. Kama ingekuwepo, wivu wake ungeishia kwake."

Fundi alirudi kazini. Mimi nikapewa onyo la maandishi na filimbi nikanyang'anywa. Sumaku ikafungwa, mnaiona, ndiyo ile nyeusi.

Mngedhani tulikumbatiana. Wapi! Aliyenitetea kikaoni hakunisemesha msimu mzima. Akaacha kuniita mayu, akawa ananiita "mama" kama anavyomwita muuza nyanya yeyote. Kidonda cha mkono kilipona kabla ya hicho. Na nikaanza kumwonea wivu yule dada aliyepewa filimbi yangu, mnaona nilivyo.

Namshukuru fundi, aliyenipa mkono siku ile ile, akaushika huu wangu mzima. Nakishukuru chama, kilichomtetea asiye na kosa bila kumtupa mwenye kosa. Namshukuru mume wangu, ambaye mboga yake ilirudi. Na mwenzangu namshukuru mbele yenu, maana faraghani nilishindwa.

Sikuja kuwadanganya kwamba wivu umeisha. Juzi mmemchagua tena. Nilinyoosha mkono huu wenye kovu, na pilipili niliisikia. Kwa hiyo wageni, siwaambii mpendane, hilo mtajua wenyewe. Nawaambia ukiona chuma, puliza. Kununa utanuna baadaye, mashine ikiwa imesimama. Na mkiitwa mafunzo msipate homa.

Leo asubuhi nilimkuta getini. Nilijua atanipita kama kawaida. Akasimama. "Mwangaluka, mayu," akasema, akanishika mkono, na alipouachia nikakuta filimbi kiganjani, ile ile, kamba yake bado ina alama ya moto.

Niliivaa hadi nikanyang'anywa, na mpaka leo sijawahi kuipuliza hata mara moja. Wageni, tegeni sikio muujue mlio wake, msije mkasema kelele za mashine ziliumeza. Ni huu hapa.